Taifa-1 Iliruka California: Je, Jukwaa la Malindi ni la Kazi Gani?

Zilikuwa zimebaki sekunde 28. Ijumaa tarehe 14 Aprili 2023, asubuhi huku kwetu na usiku kule California, roketi ya Falcon 9 ilikuwa imesimama tayari katika kituo cha Vandenberg. Ndani yake, pamoja na mizigo mingine takriban 50, mlikuwa na Taifa-1, setilaiti ya Kenya ya kuangalia ardhi. Hesabu ya kurudi nyuma ikakatwa. Hali ya hewa haikufaa. Safari ilikuwa imeshaahirishwa kabla ya hapo, na sasa ikaahirishwa tena. Kesho yake, Jumamosi saa 3:48 asubuhi kwa saa zetu, ikaruka.

Katika siku zile za kungoja, swali moja nililisikia mabwenini, kwenye matatu na kwenye makundi ya WhatsApp: "Sisi si tuna jukwaa letu la kurushia roketi Malindi? Mbona tunapanga foleni Marekani?" Makomredi wengine waliliuliza kwa hasira kabisa. Ati tumeachiwa kutu wakati wenzetu wanakwenda angani.

Mimi nasomea ualimu wa fizikia na jiografia, na swali hili limenikaa kichwani kwa sababu linagusa masomo yangu yote mawili kwa pamoja. Ni swali zuri. Lakini limechukulia kwamba jukwaa ni jukwaa, kwamba penye roketi moja panaweza kuruka roketi yoyote kwenda popote. Hapo ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu mipango mingi inayopendekezwa juu ya Malindi inategemea dhana hiyo.

Kwanza, kuna nini pale Ngomeni

Kwa wasiopafahamu: ukitoka Malindi kwenda kaskazini kiasi cha kilomita 30, unafika Ngomeni, kijiji cha wavuvi katika eneo la Magarini, Kaunti ya Kilifi. Ufuoni kuna kituo chenye antena kubwa. Baharini, hewa ikiwa safi, unaona kama meza kubwa za chuma zilizosimama majini kwa miguu mirefu. Hizo ndizo San Marco na Santa Rita. San Marco ndiyo iliyorushia roketi. Santa Rita, ambayo mwanzo ilikuwa jukwaa la kuchimbia mafuta, ilikuwa chumba cha kuongozea. Nyaya zilipita chini ya maji kuziunganisha, ili watu wakae mbali na moto.

Mwenye wazo alikuwa Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha La Sapienza, Roma. Mwaka 1962 Waitaliano walikubaliana na NASA: Marekani itoe roketi na mafunzo, Italia ijenge setilaiti na mahali pa kurushia. Setilaiti yao ya kwanza, San Marco 1, ilirushwa Desemba 1964 kutoka Wallops, jimbo la Virginia. Ya pili, San Marco 2, iliruka kutoka hapa Ngomeni tarehe 26 Aprili 1967. Tangu siku hiyo hadi tarehe 25 Machi 1988, setilaiti tisa zilikwenda angani kutoka kwenye bahari yetu, zikiwemo za Italia, za Marekani na moja ya Uingereza, Ariel 5, ya Oktoba 1974. Baada ya hapo, kimya. Kituo cha nchi kavu kiliendelea na kazi, na leo kinaitwa kwa jina la Broglio, lakini roketi ya kubeba setilaiti haikuruka tena pale.

Kwa hiyo mtu aliyezaliwa mwaka wa roketi ya mwisho leo ni mzazi, pengine ana mtoto anayejiandaa kuja chuo.

Zawadi ya ikweta

Kwa nini Mtaliano atoke Roma kuja kusimamisha chuma kwenye bahari ya Giriama? Jibu ni hesabu ya darasa la nane. Mzingo wa dunia kwenye ikweta ni kilomita 40,075. Dunia hujizungusha mara moja kwa siku, na siku ina sekunde 86,400. Gawanya. Unapata mita 464 kwa sekunde. Yaani wewe uliyekaa Nanyuki ukinywa chai, umetulia kabisa, unasafiri kwenda mashariki kwa mita 464 kila sekunde.

Ukiondoka kwenye ikweta kwenda kaskazini au kusini, duara unalozunguka linakuwa dogo, na kasi inapungua. Unazidisha 464 kwa kosini ya latitudo. Ngomeni ipo karibu nyuzi 3 Kusini: mita 463, karibu hupotezi kitu. Cape Canaveral, Florida, nyuzi 28.5 Kaskazini: mita 408. Baikonur, Kazakhstan, nyuzi 46: mita 322 tu.

Sasa, setilaiti inayozunguka karibu na dunia inahitaji kasi ya takriban kilomita 7.8 kwa sekunde ili isianguke. Ukiirusha kuelekea mashariki kutoka Ngomeni, dunia imeshakupa karibu asilimia 6 ya kasi hiyo bure, kabla hujawasha chochote. Asilimia 6 inaonekana kidogo, lakini kwenye roketi ndogo, ambayo karibu uzito wake wote ni fueli, ndiyo tofauti ya kubeba kifaa cha maana au kubeba mfuko wa unga.

Mfano ninaoupenda ni wa makanga anayeshuka matatu kabla haijasimama. Hashuki akiangalia nyuma. Anashuka akikimbia kuelekea kule gari linakokwenda, kwa sababu kasi ya gari tayari imo mwilini mwake.

Nilipofundisha jambo hili wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu aliinua mkono: "Mwalimu, kama ni hivyo, mbona ndege zinazoruka Nanyuki hazifiki haraka kuliko za Ulaya?" Darasa likacheka, lakini lilikuwa swali la akili kuliko yote ya muhula ule. Jibu ni kwamba ndege inataka kufika mahali duniani, na mahali penyewe panazunguka pamoja nayo, kwa hiyo haifaidi. Setilaiti haiendi mahali popote duniani. Inachotafuta ni kasi ukipima kutoka kitovu cha dunia, na kwa kipimo hicho kasi ya ardhi inaingia kwenye hesabu.

Lakini asilimia 6 ndiyo sehemu ndogo ya hadithi. Zawadi kubwa ya Ngomeni ni kitu kingine ambacho watu hukisahau: mwelekeo wa njia.

Setilaiti ikirushwa kutoka mahali fulani, njia yake ya kuzunguka, yaani obiti, haiwezi kuinama chini ya latitudo ya mahali hapo, isipokuwa uigeuze ukiwa angani. Ukirusha Florida, obiti yako itakuwa imeinama angalau nyuzi 28.5 kutoka ikweta. Ukitaka iinyooke hadi nyuzi 3, lazima uchome fueli huko juu kuongeza zaidi ya kilomita 3 kwa sekunde. Hiyo ni karibu nusu ya kazi uliyokwisha kuifanya kufika huko! Roketi ndogo haiwezi kabisa. Kutoka Ngomeni, unaelekeza mashariki tu, na setilaiti inazunguka juu ya ikweta kana kwamba imefungwa kamba.

Uhuru ilivyolitendea haki jukwaa

Hapa kuna mfano ambao ningeuweka kwenye kila kitabu cha fizikia cha sekondari nchini. Tarehe 12 Desemba 1970, saa 7:53 mchana, NASA ilirusha kutoka San Marco setilaiti ya kilo 141 hivi ya kupima eksirei kutoka angani. Kwa kuwa ilikuwa Sikukuu ya Jamhuri, miaka saba kamili tangu uhuru wa Kenya, msimamizi wa mradi, Marjorie Townsend, aliiita Uhuru. Jina hilo la Kiswahili limo kwenye vitabu vya falaki vya dunia nzima hadi leo.

Eksirei za kutoka kwenye nyota hazifiki ardhini, angahewa inazimeza. Lazima upande juu. Lakini juu nako kuna tatizo: uga wa sumaku wa dunia umenasa chembe za umeme katika mikanda mikubwa, na mkanda wa ndani unashuka chini sana juu ya Brazil na Atlantiki ya Kusini. Kifaa cha kupima eksirei kikipita hapo kinapigwa na chembe hadi hakisikii kitu, kama mtu anayejaribu kusikiliza redio karibu na mashine ya kuchomelea vyuma. Obiti iliyonyooka juu ya ikweta inakwepa sehemu kubwa ya eneo hilo. Kwa hiyo Uhuru ilihitaji mahali kama Ngomeni hasa.

Matokeo yake? Ilifanya kazi hadi Machi 1973, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Vipimo vyake vya Cygnus X-1, chanzo kilichokuwa kikibadilika kwa haraka mno, vilisaidia kuwafikisha wanasayansi kwenye uamuzi kwamba pale pana shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza timu ya wanasayansi wa Uhuru, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Sitii chumvi nikisema kwamba sehemu ya tuzo ile ilianzia kwenye maji ambayo wavuvi wa Ngomeni wanapita kila alfajiri.

Sasa rudi kwa Taifa-1

Taifa-1 ni setilaiti ndogo sana: michemraba mitatu ya sentimita 10 iliyopangwa mstari mmoja. Kazi yake ni kupiga picha za ardhi kwa ajili ya kilimo, misitu, ukame, mafuriko. Setilaiti ya namna hiyo haitaki kuzunguka juu ya ikweta. Ikizunguka juu ya ikweta tu, itaiona Nanyuki mara 15 kwa siku, lakini Lodwar itakuwa pembeni na Ulaya haitaonekana kabisa. Inataka kupita karibu na ncha za dunia, kaskazini hadi kusini, huku dunia ikijizungusha chini yake, ili kila mahali pafikiwe. Tena inataka kupita kila mahali kwa saa ileile ya jua, ili kivuli cha picha ya leo kilingane na cha mwezi ujao. Obiti hiyo imeinama nyuzi 97 na kitu, yaani inakwenda hata kinyume kidogo na mzunguko wa dunia.

Kwa safari hiyo zawadi ya ikweta haina kazi. Makanga anataka kushuka kwa ubavu na nyuma kidogo. Kasi ya matatu inamsumbua tu. Ngomeni haina faida yoyote hapo kuliko Vandenberg.

Kisha chukua ramani, jambo ambalo wanajiografia hatuchoki kuwaambia watu. Kutoka Vandenberg, upande wa kusini ni Bahari ya Pasifiki, maji matupu maelfu ya kilomita. Kipande cha roketi kikianguka, kinaanguka baharini. Kutoka Ngomeni, ukielekeza roketi kusini kwa obiti hiyo, inapita juu ya Pemba au karibu nayo, inapita jirani na Unguja, kisha inaikuta pwani ya kusini ya Tanzania na kuingia Msumbiji. Ukielekeza kaskazini ni nchi kavu hadi Ethiopia. Nani atasaini kibali hicho? Mashariki ndiko kuliko na bahari ya kutosha, na mashariki ndiko San Marco ilikoelekeza roketi zake.

Kwa hiyo hata kama jukwaa letu lingekuwa limepakwa rangi jana na roketi imesimama juu yake, Taifa-1 ingepanda Vandenberg. Makomredi, tuiache lawama hiyo. Kuna lawama nyingine zenye mashiko zaidi, nitazifikia.

Na zile sekunde 28? Pia hazikuwa aibu. Roketi ikipanda inapita tabaka za upepo mkali angani, na upepo ukibadilika ghafla kutoka tabaka moja hadi jingine, roketi hiyo ndefu nyembamba inapigwa ubavuni ikiwa kwenye mwendo mkubwa. Mtu anayesimamisha hesabu zikiwa zimebaki sekunde 28 anapoteza siku moja. Asiposimamisha, anaweza kupoteza kazi ya miaka ya watu 50. NASA yenyewe, na mabilioni yake, iliahirisha Artemis I tarehe 29 Agosti 2022 kwa sababu ya vipimo vya joto la injini, ikaahirisha tena tarehe 3 Septemba kwa sababu haidrojeni ilikuwa inavuja, kikaja kimbunga Ian, na roketi ikaondoka tarehe 16 Novemba. Nayo iliruka kutoka jukwaa la 39B, ambalo Apollo 10 ililitumia Mei 1969.

Uzee si ugonjwa wenyewe

Hiyo 39B inanipeleka kwenye jambo linalosemwa sana: kwamba San Marco imekufa kwa sababu imezeeka. Sikubali. Jukwaa lililorusha Taifa-1 kule Vandenberg, linaloitwa SLC-4E, lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ni rika moja na San Marco. Lilirusha roketi za Atlas, kisha Titan hadi Oktoba 2005, likanyamaza, kisha kampuni ya SpaceX ikalikodi, ikabomoa minara ya zamani, ikajenga upya, na Falcon 9 ya kwanza ikaruka pale tarehe 29 Septemba 2013. Jukwaa zee, kazi mpya.

San Marco ilikwama kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ilijengwa kwa ajili ya roketi moja tu, Scout ya Marekani, yenye fueli yabisi na uzito wa takriban tani 20. Scout iliruka mara ya mwisho mwaka 1994 na haijengwi tena. Jukwaa la roketi si kama uwanja wa ndege ambapo ndege yoyote inatua. Ni kama jiko lililofinyangwa kwa sufuria moja; sufuria ikivunjika, jiko linabaki kuwa udongo. Italia baadaye ilishiriki kujenga roketi yake, Vega, lakini Vega ilikuwa na tani 137 na kuanzia 2012 hadi 2024 ilirushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, kwenye nyuzi 5 tu kutoka ikweta, juu ya ardhi ngumu, penye barabara na viwanda vya fueli. Mtaliano akapata ikweta nyingine yenye vifaa zaidi.

Sababu ya pili ni bahari. Waliosoma kemia wanajua: chuma kinataka maji na oksijeni ndipo kishike kutu, na chumvi inaharakisha. Sehemu ya mguu iliyozama muda wote haiharibiki sana kama ile inayoloweshwa na mawimbi kisha kukaushwa na upepo, zamu kwa zamu, mchana na usiku. Hapo kwenye mstari wa maji ndipo chuma kinapoliwa. Kuna dawa: rangi maalumu, na vipande vya zinki vinavyofungwa kwenye chuma ili vyenyewe viliwe kwanza. Lakini dawa hiyo inatolewa kila baada ya miaka, milele, iwe kuna roketi au hakuna. Jukwaa la nchi kavu ukilisahau miaka minane unalikuta na majani. La baharini ukilisahau, bahari inaendelea na kazi yake.

Lifanyiwe nini basi?

Wapo wanaotaka lifufuliwe lote. Ningewaomba wasome habari za Sea Launch. Hao walichukua jukwaa la mafuta, wakaliita Odyssey, wakawa wanalipeleka katikati ya Bahari ya Pasifiki, ikweta kamili, na kurusha roketi za Zenit zenye setilaiti kubwa za mawasiliano. Kwa fizikia walikuwa sawa kabisa. Kati ya 1999 na 2014 walirusha mara 36. Hata hivyo, mwaka 2009 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, na baada ya 2014, Urusi na Ukraine zilipofarakana, ikasimama, maana roketi yenyewe ilitegemea nchi hizo mbili. Ikweta ilikuwepo; fedha na roketi ndizo zilizokosekana. Na Kenya haina roketi. Tukikarabati San Marco leo, kesho tutakuwa tunatafuta mtu mwenye roketi inayotoshea, anayetaka obiti ya ikweta, tena aliye tayari kuiacha Kourou. Watu hao hawako wengi.

Wapo wengine wanaotaka ling'olewe, chuma kiuzwe. Mimi hapo nasita. Pale ndipo Uhuru ilipoanzia. Chukua sehemu, ilete nchi kavu, ijengewe jumba la makumbusho Ngomeni penyewe, si Nairobi. Watoto wa Magarini wanaokua wakiziona zile meza baharini wana haki ya kuambiwa zilifanya nini. Nimezungumza na vijana wa upande ule wanaodhani ni mitambo ya mafuta tu.

Lakini pesa ya kweli, na hapa ndipo nina msimamo, iende ufuoni, kwenye antena. Watu hawajui kwamba kituo hicho hakijawahi kulala. Setilaiti ya Swift, iliyorushwa mwaka 2004 kuwinda milipuko ya miale ya gama, inateremsha data zake Malindi. NuSTAR, darubini ya NASA ya eksirei, vivyo hivyo. AGILE ya Italia ilifanya hivyo tangu 2007 hadi ilipoanguka na kuungua angani mwaka 2024. Sababu ni ileile: setilaiti zilizo karibu na ikweta zinapita juu ya Malindi karibu kila mzunguko, kila dakika 95 hivi. Roketi inaitumia ikweta mara moja, siku ya kuruka. Antena inaitumia kila siku, mara 15, kwa miaka 20.

Na hapo ndipo lawama yenye mashiko ilipo. Kwa miaka mingi data zilishuka Ngomeni na kupaa kwenda Roma na Marekani, na sisi tukabaki na walinzi wa geti. Makubaliano ya Kenya na Italia ya 1995 yalifuatwa na mapya yaliyosainiwa Trento mwaka 2016, na haya ya pili yana itifaki kuhusu mafunzo, kuhusu kupata data za kuangalia ardhi, kuhusu kituo cha kanda cha kuangalia ardhi, kuhusu tiba ya mbali na kuhusu kusaidia shirika letu la anga. Shirika la Anga za Juu la Kenya likaundwa mwaka uliofuata. Angalia orodha hiyo tena: kurusha roketi hakumo. Walioandika walijua thamani imehamia wapi. Swali la chama cha wanafunzi kuuliza, tena kwa barua rasmi, ni hili: nafasi ngapi za mafunzo zinatoka kila mwaka, zinatangazwa wapi, na ni wangapi kutoka vyuo vya umma wamezipata? Hilo linajibika kwa namba.

Tena haiwezi kusemwa kwamba wanafunzi wa Kenya hawawezi. Setilaiti ya kwanza ya nchi hii haikuwa Taifa-1. Ilikuwa 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mchemraba mmoja wa sentimita 10, iliyotengenezwa kwa kushirikiana na La Sapienza, chuo kilekile cha Broglio, na kuachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 11 Mei 2018. Wenzetu wa chuo waliishika kwa mikono yao.

Kwa walimu wenzangu watakaoingia darasani muhula ujao, nimeacha maswali matatu ambayo Kidato cha Tatu wanaweza kuyafanya bila maabara. Moja: Mombasa ipo nyuzi 4 Kusini, dunia inaipa roketi mita ngapi kwa sekunde, na inapoteza kiasi gani ukilinganisha na Ngomeni? Mbili: chora kwenye ramani njia ya roketi inayoelekea kusini kutoka Vandenberg na nyingine kutoka Ngomeni, kisha taja nchi zilizo chini ya kila moja. Tatu: Nanyuki ipo kwenye ikweta kabisa, tena iko juu zaidi, ambako hewa ni nyepesi. Kwa nini Broglio hakwenda Nanyuki? Majibu ya swali la tatu yaletwe ofisi ya jarida, chumba kile cha karibu na kantini.